Nilivyofungua Injini ya Marehemu Baba Mara Mbili

Injini ya pikipiki ya marehemu baba niliifungua mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na kati ya mara ya kwanza na ya pili pikipiki hiyo ilitembea kilomita 412 tu. Naitaja idadi hiyo mapema kwa sababu ndiyo iliyonivunja nguvu nilipoisoma kwenye mita, nikiwa nimesimama pembeni mwa barabara ya Tukuyu, juu kidogo ya Uyole, Mbeya, huku moshi wa bluu ukitoka kwenye ekzosi na madereva wa bodaboda wakipita wakinipa pole kwa honi. Nilikuwa nimebadilisha pistoni, ringi zake (pete za chuma zinazoizunguka) na gasketi za juu, nikachongesha silinda na kulipa fedha ambazo mshahara wa mwalimu wa fizikia hauzitoi kirahisi. Sikuelewa ni kitu gani kingine ambacho injini ilikuwa inanidai.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG125 ya miaka ya mwanzo, yenye umeme wa volti 6 na platini, kile kifaa cha kukata umeme ili plagi itoe cheche. Baba aliipata kazini alipokuwa bwana shamba wilayani Rungwe, akaruhusiwa kuinunua alipostaafu, akaitumia kwenda shambani hadi miguu ilipokataa. Alipofariki ilikaa bandani miaka tisa chini ya turubai, kuku wakitaga juu ya tanki. Honda walianza kuitoa aina hiyo mwaka 1976, na walipoibuni waliwafikiria wazi watu wa nchi ambazo pikipiki hubeba mizigo, oili hubadilishwa kwa kuchelewa na mnyororo wa kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, hakuna anayekumbuka kuukaza. Kwa hiyo waliuondoa mnyororo huo kabisa. Kamshafti ikawekwa chini, ikazungushwa kwa gia moja kwa moja kutoka kwenye krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, na pushi rodi mbili, yaani fito za chuma, zikapeleka mwendo juu hadi kwenye valvu. Silinda ni moja, yenye kipenyo cha milimita 56.5, na pistoni husafiri milimita 49.5 kwenda juu na kushuka. Muundo huo ulinakiliwa mno baadaye, kiasi kwamba fundi yeyote wa bodaboda aliyewahi kufungua injini ya pushi rodi atajikuta nyumbani ndani ya pikipiki ya baba. Sifa hiyo ya uvumilivu ilinidanganya, kwa maana nilidhani chombo kilichoundwa kisamehe uzembe kitausamehe na wangu.

Mara ya kwanza nilifungua peke yangu, wakati wa likizo ya Juni, nyuma ya nyumba, kwenye meza niliyoitandika gunia. Nilitoa silinda hedi, nikatoa silinda, nikapitisha ukucha ndani yake na kuhisi ngazi ndogo karibu na ukingo wa juu, pale ringi ya juu inapogeukia. Chini ya ngazi hiyo chuma kilikuwa kimeliwa, na juu yake kilikuwa bado kipya. Pistoni ilikuwa inacheza ndani kama mwiko ndani ya sufuria. Nilifurahi sana, kwa kuwa nilidhani nimeupata ugonjwa. Nilichukua petroli na brashi, nikaosha kila kipande hadi kikang'aa, nikapeleka silinda kuchongwa kwa pistoni ya oversaizi, yaani iliyozidi saizi ya awali, ya milimita 0.50, nikarudisha kila kitu mahali pake. Upande wa klachi sikuugusa, kwa sababu klachi ilikuwa inashika vizuri. Kizingia cha krenki, yaani sanduku la chuma linaloibeba, sikukigawa, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba anayekigawa bila vifaa hujuta.

Baada ya aibu ya barabara ya Tukuyu, niliipakia pikipiki kwenye kirikuu na kuipeleka mtaa wa Soweto, kwa fundi mmoja mzee ambaye baba alikuwa akimtaja. Aliisikiliza ikiunguruma kwa dakika moja, akazima, akaniuliza nilifanya nini mara ya kwanza. Nikamweleza yote, kwa fahari kidogo, hadi ile petroli na brashi.

"Mwalimu," akasema, "mgonjwa ulimvalisha shati jipya. Na kabla ya kumvalisha ukamwogesha, ukafuta na alama zote za kipigo."

Hilo la kuogesha ndilo lililonichoma zaidi, kwa kuwa shuleni nawafundisha wanafunzi waandike walichokiona kabla hawajagusa chochote. Uchafu uliomo ndani ya injini huonyesha mahali ambapo kila kitu kilipita, kwa maana masizi yana rangi, oili iliyoungua ina mipaka, na vumbi lina njia. Niliposafisha vipande kabla ya kuvitazama nilibaki na vyuma vinavyong'aa visivyoniambia chochote. Mara ya pili mzee hakuruhusu tambara wala mafuta ya taa yasogee mezani mpaka kila kipande kimegeuzwa mbele ya mwanga wa mlango.

Tulianza na oili. Aliimimina polepole kwenye karai kupitia kitambaa cheupe, na kitambaa kikabaki na chembe zilizometameta kama mchanga wa mtoni. Akapitisha sumaku. Chembe nyingi hazikushika, maana yake zilikuwa za aluminiamu, yaani za pistoni. Chache zilishika, nazo zilikuwa za chuma. Kutokana na kitambaa kimoja tulikuwa tumejua tayari kwamba kuna vitu viwili vinaliwa, wala si kimoja. Hatua hiyo ilichukua dakika tano, na mara ya kwanza nilikuwa nimeimwaga oili ile chini ya mgomba bila kuitazama.

Kisha ikaja pistoni. Pembeni mwake, upande wa mbele na upande wa nyuma, kulikuwa na mistari myembamba ya kijivu iliyosimama wima, mingi na laini, kama kitu kilichosuguliwa na msasa. Pistoni iliyokaukiwa na oili haionekani hivyo. Hiyo huwa na mabaka ya chuma kilichoyeyuka na kuburutwa, na mara nyingi huwa imeacha sehemu yake kwenye ukuta wa silinda. Mistari laini ni kazi ya kitu kigumu na kidogo kinachopita kati ya vyuma viwili. Swali likawa kitu hicho kinapitia wapi, na hapo ndipo mzee alipoanza kupima ringi.

Njia ya kupima ringi ni rahisi, nami nilikuwa nimeifanya mara ya kwanza pia, ila sikuwa nimeifikiria. Unaingiza ringi peke yake ndani ya silinda, unaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa bila kuinama, kisha unapitisha fila geji, kibamba chembamba cha kupimia nafasi, kwenye mdomo wake, yaani pengo kati ya ncha zake mbili. Nilikuwa nimeandika kwamba ringi ya juu, ilipokuwa mpya, mdomo wake ulikuwa milimita 0.25. Sasa, karibu na sehemu ya juu ya silinda, ulikuwa 0.70. Kwa pistoni ya ukubwa huo nusu milimita tayari ni dalili ya kuaga. Mzee akaisukuma ringi ile ile hadi chini kabisa ya silinda, mahali ambapo ringi haifiki wakati injini inafanya kazi, akapima tena, akapata 0.45.

Hapo fizikia yangu ikaamka. Mdomo wa ringi hufuata mzingo wa silinda, na mzingo ni pai mara kipenyo, kwa hiyo kila kiasi kinacholiwa kwenye kipenyo huonekana mdomoni kikiwa kimezidishwa kwa zaidi ya mara tatu. Tofauti ya 0.70 na 0.45 ni 0.25, ukiigawa kwa 3.14 unapata takriban milimita 0.08, na hicho ndicho kiasi ambacho silinda ilikuwa imepanuka juu kuliko chini. Kile kilichozidi juu ya 0.25 ya awali hata pale chini, yaani 0.20, kilikuwa ni ulaji wa ringi yenyewe. Kwa fila geji ya bei ndogo tulikuwa tumetenganisha ugonjwa wa silinda na ugonjwa wa ringi. Mzee hakuwa na habari na pai, lakini alikuwa akifanya hesabu hiyo kwa jicho tangu nikiwa darasa la tatu.

Kisha akapima ringi ya pili na ile ya oili. Ya pili ilikuwa imeliwa kidogo, na ya oili ilikuwa karibu nzima. Kwa mujibu wa mzee, na nimekuja kukubaliana naye, mpangilio huo ndio unaotaja mlango wa mwizi. Uchafu ukija na oili kutoka chini, ringi ya oili na sketi ya pistoni, yaani sehemu yake ya chini, huumia kwanza. Uchafu ukija na hewa kutoka juu, ringi ya juu ndiyo inayokutana nao kabla ya wenzake. Ringi yetu ya juu ilikuwa imekutana na jeshi zima. Shina la valvu ya kuingizia nalo likathibitisha, kwa kuwa lilikuwa limechakaa na kuwa na mkwaruzo ule ule wa kijivu, wakati lile la valvu ya moshi lilikuwa limeungua tu kwa kawaida yake.

Tukafuata njia ya hewa nyuma kutoka kwenye kabureta. Chujio la hewa nilikuwa nimelinunua jipya na nilijisifu nalo. Lakini mpira unaounganisha nyumba ya chujio na kabureta ulikuwa wa zamani, mgumu kama gome, na upande wake wa chini, usioonekana mpaka uutoe na kuupindua, ulikuwa na ufa wenye urefu wa kidole gumba. Ndani ya mpira huo, kuanzia kwenye ufa hadi kwenye mdomo wa kabureta, kulikuwa na mchirizi wa vumbi uliolala kama mto kwenye ramani. Mara ya kwanza nilikuwa nimeuosha mchirizi wa namna hiyo hiyo kwa mikono yangu.

Nilikuwa nimeendesha mwezi wa Agosti, na wenyeji wa huku wanajua vumbi la Agosti lilivyo kwenye njia za vijijini kati ya Uyole na Isongole. Ardhi ya Rungwe ni ya volkano. Udongo wake una majivu na vipande vya pumisi, lile jiwe jepesi jeupe ambalo akina mama wa zamani walisugulia visigino. Pumisi ni kioo kilichojaa mapovu ya hewa. Mkulima wa viazi huubariki udongo huo, lakini ndani ya silinda ni msasa, na kilomita 412 za msasa zinatosha kabisa kuua ringi mpya.

Kama ningeishia hapo ningekuwa nimetibu nusu ya mgonjwa kwa mara nyingine, kwa maana zile chembe chache zilizoshika sumaku zilikuwa bado hazijapata mwenyewe. Tukafungua kifuniko cha kulia, kile ambacho sikukigusa mara ya kwanza.

Injini hii haina chujio la oili la karatasi kama gari. Ina wavu wa waya wa kuzuia takataka kubwa, na mwishoni mwa krenki ina kikombe cha chuma kinachozunguka pamoja nayo. Oili inapita ndani ya kikombe hicho kabla ya kwenda kwenye beringi ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, na kwa kuwa kinazunguka kwa kasi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika, chembe nzito hutupwa ukutani na kuganda huko, na oili safi inaendelea. Ni ubunifu mzuri usiohitaji kununua spea yoyote, kwa sharti moja kwamba mtu akifungue na kukisafisha. Kinapojaa hakina mahali pa kuweka uchafu mwingine. Mzee alifungua skrubu tatu za kifuniko chake, na ndani tukakuta tope la kijivu lililokauka kama udongo wa mfinyanzi, limejaa hadi karibu na katikati, kukiwa kumebaki tundu dogo la kupitisha oili. Alilichokonoa kwa bisibisi, likatoka kwa vipande.

Usiku ule nilipekua daftari la baba la pikipiki, ambalo nilikuwa nimelihifadhi kwa ajili ya mwandiko tu. Kati ya hesabu za petroli na bei za mbegu za viazi, kulikuwa na mistari inayojirudia: "Nimefungua kulia, nimesafisha kikombe." Inajirudia kila baada ya miezi michache, kisha mistari hiyo inakoma miaka michache kabla ya baba kuacha kuendesha. Sikuwahi kujua kikombe hicho ni nini. Nilikuwa nimedhani ni cha chai.

Kujaa kwa kikombe kulikuwa na mashahidi wawili zaidi. Wa kwanza ni vile vipande viwili vinavyolalia kemu, yaani ile kamshafti, na kusukuma pushi rodi. Katika injini hii kemu ina nundu moja tu inayofanya kazi ya valvu zote mbili, na kila valvu ina kipande chake kinachopanda juu ya nundu hiyo. Kipande cha upande wa moshi kilikuwa na vishimo vidogo usoni, kama ngozi iliyopata ndui. Ukikipitisha ukucha unakwama. Nundu ya kemu yenyewe ilikuwa bado laini, kwa bahati, kwa sababu kuweka kipande kipya juu ya nundu iliyochimbika ni kukitoa sadaka.

Shahidi wa pili alikuwa konrodi, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa nimeona watu wengi wakikosea kwa namna mbili zinazopingana, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mara ya kwanza nilishika konrodi, nikaitikisa kushoto na kulia, ikacheza, nikaogopa. Kisha rafiki mmoja akaniambia kwamba kucheza huko ni kawaida, nikatulia, nikafunga. Rafiki alisema kweli. Konrodi lazima iwe na nafasi ya kusogea pembeni kati ya mashavu ya krenki, nafasi unayoweza kuipima kwa fila geji, na yetu ilikuwa milimita 0.30, jambo lisilo na tatizo lolote. Lakini kucheza pembeni na kucheza juu na chini ni mambo mawili tofauti kabisa, nami baada ya kutulizwa juu ya la kwanza sikuliuliza la pili. Mzee alizungusha krenki mpaka konrodi ikasimama juu kabisa, akaishika kwa mikono miwili, akaisukuma chini na kuivuta juu bila kuipindisha, huku ameweka kidole gumba kwenye maungio. Akanishika mkono na kuniwekea kidole changu pale. Kulikuwa na mgongano mdogo sana, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha katika chumba cha mbali. Katika mwelekeo huo hakutakiwi mgongano wowote unaohisika, hata uwe mdogo kiasi gani. Chembe zetu za chuma zilikuwa zimepata mwenyewe.

Ilibidi kugawa kizingia. Krenki ya aina hii haikuunganishwa kwa bolti. Imeshindiliwa kwa mashine ya presi, kwa hiyo kubadilisha konrodi na roli zake ni kuitenganisha na kuishindilia upya, kisha kuinyoosha kwa kuipigapiga na nyundo ya shaba huku saa ya kupimia imegusa ncha zake. Kazi hiyo tuliipeleka kwa fundi mkerezaji eneo la SIDO, shirika la viwanda vidogo, Mwanjelwa, naye aliifanya mbele yetu hadi mshale wa saa ukawa unayumba kwa sehemu tatu za mia za milimita tu. Nilisimama nikitazama mshale ule kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Beringi kubwa za krenki zilitoa somo lao wenyewe. Mzee alizifua kwa mafuta ya taa, akaziacha zikauke, akazizungusha kwa vidole pole pole karibu na sikio. Hakutumia upepo wa kompresa kuzizungusha, kwa kuwa beringi kavu inayozungushwa kwa upepo hujiumiza yenyewe. Ya kulia ilikuwa kimya. Ya kushoto ilikuwa na mkwaruzo uliokuja na kuondoka kwa mpigo sawa, na tulipoitazama vizuri kwenye mwanga tuliona madoa ya kahawia kwenye njia ya gololi, yamepangana kwa umbali ule ule wa gololi hadi gololi. Haikuwa ajali ya mwendo wowote. Ilikuwa ni ile miaka tisa bandani Tukuyu, ambako mvua haina msimu wa kupumzika kwa dhati, gololi zikiwa zimesimama mahali pamoja na unyevu ukizila kidogo kidogo. Nilikuwa nimedhani pikipiki iliyosimama haichakai.

Silinda hedi haikutusumbua sana. Tulimimina petroli kwenye tundu la kuingizia na lile la kutolea moshi, valvu zikiwa zimefungwa, tukasubiri. Upande wa moshi haukuvuja; upande wa kuingizia ulilowa baada ya dakika chache. Tulibadilisha valvu ile na mwongozo wake, tukaisaga na unga wa kusagia mpaka kalio lake, pale inapokaa ikijifunga, likaonyesha mkanda mwembamba wa kijivu usiokatika popote. Uso wa hedi tuliuwekea rula ya chuma na kupitisha fila geji chini yake, ulikuwa umenyooka.

Kuhusu kupima silinda kwa ajili ya kuchonga, niseme kosa langu la mara ya kwanza ili mtu mwingine asilirudie. Nilitumia vernia. Vernia ni chombo kizuri, ninacho hata maabara, lakini midomo yake ya ndani ni bapa na hukaa vibaya kwenye ukuta wa duara, na mkono unaotetemeka kidogo unaweza kupoteza sehemu tano za mia bila kujua, wakati uhai wote wa pistoni unategemea sehemu tatu au nne za mia. Tena nilipima mahali pamoja tu. Silinda haichakai kwa usawa. Huliwa zaidi upande wa mbele na wa nyuma, kule pistoni inakoegemezwa na mwendo wa konrodi, na huliwa zaidi juu kuliko chini. Lazima upime juu, katikati na chini, na kila mahali upime pande mbili. Mkerezaji alitumia geji ya ndani na maikromita, akaandika namba sita kwenye kipande cha karatasi, na hakuanza kuchonga mpaka nilipomkabidhi pistoni yenyewe mkononi. Alisema kwamba pistoni zinazoandikwa saizi moja hazilingani kila mara, kwa hiyo yeye huchonga kwa kufuata pistoni aliyoipima, wala hafuati maandishi ya kwenye boksi. Tulienda oversaizi ya 0.75, na aliniacha na nafasi ya milimita 0.03 kati ya pistoni na ukuta.

Tahadhari hiyo ya boksi ilitusaidia siku ile ile. Kwa kuwa injini hii imenakiliwa sana, maduka ya spea ya Mwanjelwa yamejaa vitu vilivyoandikwa CG125, na jambo hilo ni baraka ambayo mwenye pikipiki nyingine ya kale hana. Lakini nakala zina tabia zake. Seti ya kwanza ya konrodi niliyoinunua ilikuwa na tundu la juu dogo kuliko pini ya pistoni yangu; ilikuwa ya injini ya familia hiyo hiyo lakini si ya kaka huyo. Mwenye duka alinibadilishia bila maneno. Tangu hapo naenda dukani na kipande cha zamani mfukoni na maikromita kwenye mkoba, na wauzaji wananiita "mwalimu wa vipimo", jina ambalo silikatai.

Tulipofunga kila kitu, nafasi za valvu tukaziweka milimita 0.08 injini ikiwa baridi, tukanunua mpira mpya wa kabureta kabla hata ya kununua oili. Kisha nikapima mgandamizo kwa geji, nikapata usomaji uliokuwa chini ya ule wa kitabu kwa karibu moja ya tano. Moyo ulinidunda. Nilikuwa tayari kufungua mara ya tatu. Mzee akaniuliza, kwa sauti ya mtu asiyejua lolote, kwa nini maharage ya Mbeya yanachelewa kuiva.

Niliona aibu ambayo mwalimu wa fizikia anastahili kuiona. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yetu huchemka karibu na nyuzi 94, na kanieneo ya hewa tunayovuta ni pungufu ya ile ya pwani kwa karibu moja ya tano. Pistoni inazidisha hewa inayoipata, haiumbi hewa nyingine. Namba za kitabu zimehesabiwa kwa usawa wa bahari, na geji yangu ilikuwa inaniambia tu ninapoishi. Hata masizi meusi niliyoyakuta kwenye plagi mara ya kwanza, ambayo nilidhani ni oili inayoungua, kwa sehemu yalikuwa petroli nyingi mno kwa hewa nyepesi, jambo ambalo jeti ndogo ya kabureta, ile yenye tundu la kupitisha petroli, ililirekebisha.

Pikipiki sasa imetembea zaidi ya kilomita 3,000. Nimefungua kikombe mara mbili na kuandika kwenye daftari la baba, chini ya mstari wake wa mwisho, tarehe na kimo cha uchafu, ambao mara zote mbili ulikuwa mwembamba kama ganda la kitunguu. Kuna jambo moja tuliloliona mezani na tukaliacha. Meno ya pembeni ya gia ya pili, yale yanayoishika gia ya jirani, yamelika pembe na kuwa ya duara, na hatukupata gia ya kulingana nayo popote kati ya Mbeya na Makambako. Mzee aliniambia nichague kati ya kusubiri na kuendesha, nami nikachagua kuendesha. Kwa hiyo ninapopanda mlima wa Igawilo nikiwa na gia ya pili hubana lever kwa kidole cha mguu ili isiruke, na mara moja moja huruka vilevile.